Nusu Mnara wa Bothwell

Mjomba wangu ni mwashi. Amekuwa akikarabati nyumba za mawe Bagamoyo tangu kabla sijazaliwa, na ana tabia ya kutosema neno juu ya ukuta mpaka auzunguke mara mbili. Mwezi uliopita nilimtumia kwa WhatsApp picha ya mnara wa mawe mekundu uliobaki nusu, wa ngome ya Bothwell kando ya mto, huku Uskoti ninakoishi mwaka wa sita sasa. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti. Nyuma yake zilisikika nyundo, na mtu akidai saruji.

"Mjomba," akaniambia, maana sisi huitana hivyo pande zote mbili, "hiki kitu hakikuanguka. Kimeangushwa. Nani kakifanyia hivi?"

Nilikuwa nimeshaandika jibu la haraka, kwamba ni vita vya zamani na Waingereza. Nikalifuta. Si kwamba ni uongo. Lakini mjomba hakuuliza ni vita gani. Aliuliza ni nani, na nilipokaa kusoma nikakuta mkono ulioshika sururu si ule niliokuwa nikiudhania.

Kabla ya yote, nikisema Waingereza humu nawasema watu wa kusini, wa England. Kwetu kisiwa kizima ni Uingereza na hatuoni tatizo. Huku ukimwita mtu wa Glasgow Mwingereza atakusahihisha kwa upole mara ya kwanza, na mara ya pili bila upole.

Njia rahisi ya kufika ni treni ya kutoka Glasgow Central hadi Blantyre, chini ya nusu saa. Ndiyo, Blantyre. Ile ya Malawi ilipewa jina la hii, na sababu yake nitaifikia. Kutoka stesheni unateremka hadi mto Clyde, unavuka daraja la waenda kwa miguu, halafu unafuata njia ya ukingoni kuelekea yanakokwenda maji, chini ya miti, matope hadi vifundoni. Kwa muda mrefu huoni kitu. Kisha miti inaachana, na juu ya mteremko umesimama ukuta mwekundu, mrefu kuliko ulivyotegemea.

Mama wa kwenye kibanda cha tiketi aliniita "hen". Mwaka wangu wa kwanza hapa neno hilo lilinikera, maana ukilitafsiri ni kuku, tena mtetea. Siku hizi nalipokea kama "mwanangu", maana ndivyo wanavyolikusudia. Alitazama viatu vyangu, akaguna, akanipa tiketi.

Mnara mkuu wa Bothwell ulikuwa wa duara. Upana wake ni kama mita 20, kimo zaidi ya mita 25, na unene wa ukuta unakaribia mita 5. Hebu simama hapo kwenye hizo mita 5: ukilaza gari dogo la saluni ndani ya ukuta huo, halitokezi. Chumba cha ndani hakikufuata duara la nje bali kilichongwa pembe nane, anasa tupu, kwa sababu hakuna mshale unaojali chumba kina pembe ngapi. Na mnara wenyewe ulijitenga na ua wa ngome kwa handaki lake, mlangoni ukiingia kwa daraja la kuinuliwa. Yaani bwana mwenye ngome aliweza kujifungia humo hata kama ua mzima umeshatekwa. Au kama askari wake mwenyewe wamegeuka.

Hiyo ni nusu ya mashariki, ndiyo iliyosimama. Nusu ya magharibi haipo. Hakuna ukuta uliochakaa taratibu ukamomonyoka kutoka juu, kama ninavyoyajua magofu ya Kaole nyumbani, ambako chumvi na mizizi vimekula chokaa polepole kwa karne nyingi. Hapa mnara umepasuliwa kutoka utosini hadi nyayoni. Unaona vyumba vyote kwa mpigo, ghorofa juu ya ghorofa, kama kabati lililong'olewa milango.

Ardhi ya Bothwell ilimfikia Walter wa Moray mwaka 1242, na ujenzi ulianza baada ya hapo. Ukoo huu asili yake ni kaskazini ya nchi, na haukuwa wa watu wa hali ya chini. Mwanawe Walter, William, alijulikana kwa jina la Tajiri. Ramani waliyoichora ilikuwa na kiburi cha fedha. Mbali na mnara kulikuwa na ukuta wa kuzunguka eneo kubwa, na upande wa kaskazini lango la minara miwili. Waashi walichimba msingi, wakapanga mawe ya kwanza, na hapo ndipo habari ilipoishia. Mwaka 1296 mfalme Edward I wa Uingereza aliingia Uskoti na jeshi, nchi ikawa yake kwa muda, na William Tajiri akafia mikononi mwa Waingereza. Lile lango halikujengwa kamwe. Msingi wake bado uko kwenye majani, nje ya ngome ya sasa, ukifikia magotini. Watalii wengi huupita bila kugeuka. Mimi pia niliupita.

Halafu ngome ikaanza kupita mikononi mwa watu.

Waskoti waliizingira kwa miezi 14, kati ya 1298 na 1299, wakiwa hawana mitambo ya maana. Waliwaacha tu walinzi wa Kiingereza ndani wafe njaa, mpaka wakasalimu amri. Mwaka 1301 Edward akarudi mwenyewe na watu wapatao 6,800. Safari hii alikuja na mnara wa mbao wa kuvamia kuta, uliotengenezwa Glasgow na kusafirishwa vipandevipande kwa mikokoteni. Njia ile ile niliyoipita kwa treni nikiwa na kahawa mkononi, wao iliwachukua siku mbili. Kabla Septemba haijaisha ngome ilikuwa yake tena.

Kisha vikaja vita vya Bannockburn, Juni 1314, siku ambayo kila mtoto wa Kiskoti anaijua. Jeshi la Waingereza lilivunjika mbele ya Robert Bruce, mfalme wa Waskoti, na mabwana kadhaa waliotoroka, Earl (bwana wa cheo cha juu) wa Hereford akiwemo, wakakimbilia Bothwell. Walikuwa na sababu ya kujiona salama. Ngome ilikuwa bado mikononi mwa Waingereza, na msimamizi wake, Walter fitz Gilbert, alikuwa mtumishi wa mfalme wao. Akawafungulia lango. Akawakaribisha. Akalifunga lango nyuma yao, akapeleka habari kwa Bruce.

Simwoni fitz Gilbert kama shujaa. Alikuwa mtu aliyesoma upepo, na upepo ukamlipa: alipewa ardhi jirani ya Cadzow, na kizazi chake ndicho ukoo wa Hamilton, ambao mji wa Hamilton hapo karibu umechukua jina lake. Kikulacho ki nguoni mwako. Bila shaka Hereford angeielewa methali hiyo bila mkalimani. Lakini angalia kilichopatikana kutokana na lile lango moja kufungwa. Huyo Earl alikuwa mateka wa thamani kubwa kiasi kwamba Waingereza walimkomboa kwa kuwarudisha watu wa Bruce waliokuwa wamewafunga kwa miaka minane: mkewe Elizabeth, binti yake Marjorie, askofu wa Glasgow, na dada yake, Christina. Christina alikuwa amewekwa kwenye nyumba ya watawa huko Lincolnshire. Mshike huyo Christina, msimwachie.

Bruce hakuwa na imani na ngome. Hakuwa na watu wa kutosha kuzilinda, na alijua kila ngome nzima ni kitanda kilichotandikwa tayari kwa Mwingereza atakayerudi. Basi sera yake ikawa kuzivunja, hata zilizo nzuri, hata za rafiki zake. Bothwell ikavunjwavunjwa kwa mara ya kwanza.

Na kweli Mwingereza akarudi. Bruce alikufa 1329, akaacha mtoto mdogo kwenye kiti, na Edward III, mjukuu wa yule wa kwanza, akaona nafasi. Majira ya kupukutika majani ya 1336 alifika Bothwell, akaifanya makao yake kwa majuma kadhaa, akamweka mwashi wake John wa Kilburn kuikarabati. Nilipofika hapa kwenye kusoma nilicheka peke yangu jikoni: adui ndiye aliyekuja na chokaa na timazi. Waskoti walibomoa, Mwingereza akajenga.

Miezi michache baadaye, Machi 1337, alifika Sir Andrew Murray.

Huyu ndiye mtu wa makala hii, na inanisikitisha kwamba ukiuliza wapita njia kumi huku Glasgow, tisa watakutajia William Wallace, shujaa mwingine wa vita hivyo dhidi ya Waingereza. Baba yake Murray, naye Andrew, aliongoza jeshi bega kwa bega na Wallace pale Stirling Bridge mwaka 1297, wakashinda, na akafa kwa majeraha. Mtoto alizaliwa baba akiwa kaburini. Ukoo wao ndio huo huo wa Moray: baba huyo alikuwa mpwa wa William Tajiri. Yaani kitoto hicho kilichozaliwa yatima kilikuwa mrithi halali wa Bothwell, ngome ambayo katika utoto wake wote ilikuwa nyumba ya watu wengine. Alikua, akawa Mlinzi wa Uskoti, maana yake mtawala kwa niaba ya mfalme mtoto. Na mwaka 1326 alioa. Alimwoa Christina.

Ndiyo, huyo huyo. Mwanamke aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya lango lililofungwa Bothwell aliolewa na mwenye Bothwell. Na msidhani alikuwa wa kukaa na kungoja. Mwaka 1335 aliishikilia ngome ya Kildrummy, kaskazini, dhidi ya mzingiro, mpaka mumewe alipofika na kulivunja jeshi la adui pale Culblean, siku ya mwisho ya Novemba.

Mwanzoni mwa 1337 Murray alikuwa ameshazipitia ngome nyingi: Dunnottar, Falkland, Leuchars, St Andrews. Alizitwaa na kuzibomoa moja baada ya nyingine, kama mtu anayezima taa kila chumba kabla ya kutoka. Kisha akafika kwake. Akaiteka. Na akiwa amesimama ndani ya nyumba ya mababu, pengine kwa mara ya kwanza akiwa na mamlaka kamili juu yake, akaamuru mnara uangushwe.

Upande wa magharibi ukaporomokea mtoni. Ndiyo nusu niliyoikosa kwenye picha.

Kwetu tunasema mvunja nchi ni mwananchi, na bibi yangu alilitumia neno hilo kama kofi, kwa watu waliokula michango ya kisima. Nililibeba kichwani siku nzima nikizunguka kuta zile, nikijaribu kumvisha Murray, likawa halimkai sawa. Alivunja, ndiyo, na alikuwa mwananchi kuliko wote. Alivunja ili nchi ibaki. Ngome nusu haiwezi kulala jeshi la Edward. Lakini pia siwezi kumpamba. Waandishi wa kale wa Kiskoti wenyewe, waliomsifu kwa ushujaa, wanasema aliiacha nchi ukiwa kiasi kwamba waliokufa njaa baada yake walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa upanga. Mkulima wa bonde la Clyde aliyechomewa ghala hakuwa na habari na mkakati. Murray alikufa 1338, mwaka mmoja tu baada ya kuupasua mnara.

Kwa hiyo, mjomba, jibu ni: mwenye nyumba.

Yaliyofuata nayapita mbio. Mnamo 1362 ngome ilikwenda kwa Archibald Douglas, jitu la uso mkavu ambalo hata jina lake la utani lilihusu ukali wa sura, kwa kumwoa Joanna wa Moray, mjane wa yule aliyekuwa wa mwisho wa ukoo. Alijenga upya, lakini hakuirudisha nusu ya mnara iliyoporomoka. Yeye na mwanawe waliweka ukumbi, kanisa dogo na minara mipya upande wa pili. Ukuta ulionyooka uliofunga jeraha la mnara ni wa enzi hizi. Mwaka 1455 mfalme akawanyang'anya akina Douglas kila kitu, ngome ikazunguka mikononi mwa wengine. Mwishoni mwa karne ya 17 mwenye nayo, Earl wa Forfar, alitaka nyumba ya kisasa yenye madirisha mapana. Alifanya ambacho mtu yeyote mwenye kiwanja na gofu angefanya: akachukua mawe ya ngome akajengea.

Nyumba yake, Bothwell House, ilisimama hapo jirani hadi 1926, ikabomolewa. Safari hii ni makaa ya mawe. Bonde hili lote limetobolewa chini kwa chini na wachimbaji, na ardhi ilianza kutitia na kuzipasua kuta. Makaa hayo hayo yaliua watu 207 kwa mlipuko mmoja wa Blantyre, Oktoba 1877. Basi nyumba iliyokula ngome haipo, na ngome iliyoliwa ipo.

Sasa nirudi kwenye Blantyre. Upande wa pili wa mto, kwenye ile nyumba nyeupe niliyoipita asubuhi, alizaliwa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Afrika, mwaka 1813, na ndiyo sababu ule mji wa Malawi ukaitwa Blantyre. Familia nzima ilikaa chumba kimoja, na akiwa na umri wa miaka 10 alikuwa ameshaajiriwa kiwandani kuunga nyuzi za pamba, kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Muda uliobaki aliumalizia porini na mtoni. Inasimuliwa kwamba aliwahi kuvua salmoni, samaki ambao watoto wa kiwandani hawakuruhusiwa kuwagusa, akamficha ndani ya mguu wa suruali ya mdogo wake, Charles. Njia nzima watu wakawa wanamhurumia mtoto mwenye mguu uliovimba. Na inasimuliwa pia kwamba aliupanda ukuta wa Bothwell hadi mahali ambapo hakuna mvulana mwingine aliyewahi kufika, akachonga jina lake huko juu.

Nilitafuta. Shingo iliniuma. Upande wa ndani wa mnara siku hiyo ulikuwa umezungushiwa uzio, na mawe yale mekundu ni laini, yamechongwa na vidole vya vizazi vyote, herufi juu ya herufi. Sikuliona.

Mimi nimekulia mwisho wa njia yake. Bagamoyo tunaonyeshwa tangu darasa la pili mnara wa kanisa uliolaza mwili wake usiku mmoja, Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba miezi tisa kutoka Chitambo, kijiji alikofia, hadi pwani. Kwa Livingstone mwenyewe sina mapenzi makubwa wala chuki. Kwa waliombeba, nina heshima isiyo na mpaka. Lakini sikuwahi kumfikiria kama mtoto mwenye matope magotini, anayejaribu kufika juu kuliko wenzake kwenye mnara uliopasuliwa na mwenyewe. Nilimweleza mjomba haya yote kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na mbili, nikitembea kurudi stesheni.

Habari za Livingstone hazikumgusa. Za Murray alizipokea kwa mguno mmoja mrefu. Alichotaka kujua ni kuhusu ule msingi wa lango ambalo halikujengwa.

"Msingi hausemi uongo," akasema. "Ukuta mtu anaweza kuupunguza njiani, fedha zikiisha. Msingi ni kile walichokusudia. Una upana gani?"

Sikuwa nimepima.

Jumamosi iliyofuata nilirudi na futi kamba ya mita 10 iliyonunuliwa dukani pa vifaa vya ujenzi. Mvua ya rasharasha, upepo wa kutoka mtoni. Nilibana ncha ya kwanza kwa jiwe, nikaivuta kamba, jiwe likabiringika, kamba ikajirudi ndani ya kasha kwa kishindo. Nikabana tena. Ikajirudi tena. Mara ya tatu nikasikia mlango wa kibanda cha tiketi.

Yule mama alikuja na mwavuli, akanitazama, akautazama msingi, akauliza ninafanya nini. Nikamwambia nina mjomba Tanzania, mwashi, anataka vipimo.

Akafunga mwavuli wake. "Niletee hiyo ncha, hen," akasema, akachuchumaa kwenye majani mabichi akaishika.